Panya wa maabara na mtu wa Newala: kinga za miili yao zinafanana hadi wapi?

#1 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Ndugu wanajamvi, salaam.

Juma lililopita, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, shemeji yangu aliyeko Mikindani alileta sauti ya dakika nne ya mtu anayejitambulisha kuwa ni tabibu. Mtu huyo anauza mchanganyiko wa majani anaodai unaongeza kinga ya mwili, na hoja yake kubwa ni kwamba panya waliopewa mchanganyiko huo maabara walipona wote. Kabla ya magharibi shangazi zangu wawili walikuwa wameshauliza bei. Sikutaka kubishana na wakubwa zangu mbele ya ukoo mzima, lakini maneno hayo ya "panya walipona wote" yamenikaa kooni, kwa sababu kazi inayoniweka mjini ni kuhesabu chembe nyeupe za damu kwenye hadubini, na ninajua kidogo jinsi damu ya panya inavyotofautiana na yetu. Nimeona nilete mada hapa tuijadili kwa utulivu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa chuoni, mkufunzi alinipa slaidi iliyokwisha kutiwa rangi, isiyo na jina la mgonjwa wala umri, akanitaka nihesabu aina za chembe nyeupe. Nilidondosha mafuta, nikashusha lenzi kubwa, nikahesabu chembe 100 kama tulivyofundishwa, na limfositi, zile chembe nyeupe ndogo ambazo huongezeka mtu akipata virusi, peke yake zikafika 82. Nikaandika kwa kujiamini kwamba mgonjwa huyu ana maambukizi makali ya virusi au, Mungu apishe mbali, ana saratani ya damu. Mkufunzi alisoma majibu yangu, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko, kisha akaniambia kwamba mgonjwa wangu ana mkia.

Damu ile ilikuwa ya panya mwenye afya njema kabisa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, neutrofili, yaani zile chembe zinazokimbilia kidonda na kumeza vijidudu mpaka zinageuka usaha, huwa ni asilimia 50 hadi 70 ya chembe nyeupe zote, na limfositi hufuatia kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa panya mambo yamepinduka: limfositi ni asilimia 75 hadi 90, na neutrofili ni 10 hadi 25 tu. Niliporudishwa kwenye hadubini niliona na jambo jingine lililokuwa limenipita. Neutrofili ya mtu ina kiini kilichogawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba, kama shanga zilizotungwa, ilhali kiini cha neutrofili ya panya kimejizungusha kama pete. Tangu siku ile, kila nikisikia kwamba dawa fulani imefanya kazi kwa panya, pete ile hunijia machoni.

Nisingependa mtu adhani kwamba panya na binadamu ni mbingu na ardhi. Ramani ya jeni za panya ilipochapishwa mwaka 2002 ilionekana kwamba takriban jeni 99 katika kila 100 alizo nazo zina jeni inayolingana nazo kwa binadamu, ingawa njia zetu ziliachana yapata miaka milioni 75 iliyopita. Yeye ana uboho, tezi ya thaimasi, bandama na mitoki kama sisi. Ana seli T na seli B, ambazo ni aina mbili za limfositi. Anatengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu, na kukumbuka vijidudu alivyokwisha kupambana navyo. Tofauti zinajitokeza unapokaribia. Bandama ya panya mzima bado inatengeneza chembe za damu, kazi ambayo kwa mtu mzima imebaki kwa uboho. Sisi huziita neutrofili kwa kemikali iitwayo IL-8, na panya hana jeni ya kemikali hiyo, kwa hiyo huziita kwa nyingine. Vipokezi vya TLR, vinavyonusa vijidudu mara tu vinapoingia mwilini, kwetu ni 10 na kwa panya ni 12, kwa kuwa kile cha kumi kwake kimekufa na badala yake anavyo vitatu ambavyo sisi hatunavyo.

Tofauti inayonishangaza kuliko zote ni ya sumu iliyomo kwenye ngozi za baadhi ya bakteria. Mtu akichomwa sindano yenye nanogramu chache tu za sumu hiyo kwa kila kilo ya uzito wake, hutetemeka na kupata homa siku hiyo hiyo, lakini panya huhitaji kiasi kikubwa mara maelfu kwa maelfu ili afe. Kwa mnyama anayeishi na pua yake ndani ya uchafu, pengine ni jambo la kutegemewa.

Swali langu ni hili: tofauti hizi ni za kuzaliwa, au ni za maisha ambayo kila mmoja ameyaishi? Mimi naelemea upande wa maisha kuliko wengi wanavyoweza kudhani, na nitaeleza kadiri mtakavyochangia. Nawasilisha.

#2 Mkulima wa Korosho, Nachingwea

Mkuu, nimekusoma. Mimi si mtaalamu. Panya ninaowafahamu ni wa aina mbili: wale wanaotoboa magunia ghalani, na wale wa porini ambao huku kwetu ni kitoweo, na sioni haya kusema kwamba wakikaushwa vizuri ni watamu. Sasa kama damu yake na yetu hazilingani kiasi hicho, kwa nini wataalamu wasimwache panya wakatafuta mnyama mwingine, nyani kwa mfano? Au wanamtumia kwa sababu ni rahisi kumpata?

#3 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Mkuu wa Nachingwea, urahisi umo na hakuna haja ya kuuficha. Panya wa maabara ana gramu 30 hivi tu, anazaa baada ya wiki tatu tu za mimba, na katika miaka yake miwili au mitatu ya uhai unaweza kumwona akizaliwa, akizeeka na kufa kabla ruzuku ya utafiti haijakwisha. (Yeye ni ndugu wa yule mdogo wa ndani ya nyumba, si wa porini unayemla wewe, wala si panya buku. Neno letu "panya" limebeba wanyama wengi mno.)

Sababu kubwa zaidi ni kwamba panya wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi wote wa ukoo mmoja wakawa kama pacha. Ukoo unaotumika zaidi duniani, C57BL/6, ulianzishwa mwaka 1921 nchini Marekani na Clarence Cook Little. Ukimpa dawa mmoja na kumnyima mwenzake, tofauti utakayoiona haiwezi kuwa imetokana na jeni zao, jambo ambalo kwa watu wawili wa Nachingwea, hata wakiwa wa tumbo moja, huwezi kulisema.

Kwa njia hiyo panya ametufundisha mengi ya yale tunayoyajua kuhusu kinga. Hadi mwaka 1961 hakuna aliyejua thaimasi ni ya nini. Jacques Miller akaitoa kwa panya waliozaliwa siku hiyo, akaona limfositi zao zinapungua, wanadhoofika, na wanapokea kipande cha ngozi ya panya mgeni bila kukikataa. Mwaka 1996 James Allison alionyesha kwamba ukiizuia breki moja ya seli T, panya anaweza kuumeza uvimbe wa saratani mwenyewe. Dawa iliyotokana na wazo hilo ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 2011, na mwaka 2018 Allison akapata tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo.

Kama hayo yote yako mbali, nenda zahanati yoyote ya kwenu ukaombe kipimo cha haraka cha malaria. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein waliziunganisha seli za bandama ya panya na seli za saratani, wakapata mashine hai inayotoa kingamwili ya aina moja bila kuchoka. Kingamwili za namna hiyo ndizo kwa kawaida zilizokaushwa ndani ya kile kijiti cheupe cha kupimia, zikisubiri protini ya kimelea cha malaria ipite na tone la damu. Na ule mstari wa C, unaokuhakikishia kwamba kipimo ni kizima, mara nyingi ni kingamwili ya mnyama mwingine iliyowekwa pale ili kuinasa ile ya panya. Mtu wa Nachingwea aliyepimwa malaria mara kumi amehudumiwa na panya mara kumi.

#4 Mwalimu wa Baiolojia, Newala

Fundi, umetaja malaria, lakini umeupita ugonjwa ambao sisi wa Newala tuna haki nao kuliko mtu yeyote duniani. Mwaka 1952 na 1953, wakati Mtwara na Lindi zikiwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, uwanda wa Makonde ulivamiwa na homa iliyowakunja watu viungo hadi wakashindwa kusimama. Wazee wetu waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja au kupindika, na madaktari wakalichukua neno hilo kama walivyolisikia, wakaliandika chikungunya. Leo hii Brazili, India na kisiwa cha Réunion wanaugua kwa Kimakonde.

Nyakati zile maji kwenye uwanda yalikuwa shida kubwa. Wanawake waliteremka genge hadi bondeni kuyachota, na yakishafika nyumbani yalitunzwa mitungini kwa siku nyingi, na humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti alimokuwa akizaliana. Bibi yangu, ambaye wakati ule alikuwa msichana mdogo, bado anazikumbuka siku hizo.

Swali langu kwako ni hili. Je, panya alihusika katika kuutambua ugonjwa huu? Na je, anaupata kama sisi tunavyoupata?

#5 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Mwalimu, nakushukuru sana, na naona aibu kwamba umenitangulia.

Alihusika tangu mwanzo. Damu ya wagonjwa wa Newala ilipelekwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, ambako R. W. Ross aliidunga kwenye ubongo wa panya wachanga. Wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kukinasa kirusi kisichojulikana. Miaka michache kabla yake, mwaka 1947, taasisi hiyo hiyo ilikuwa imekipata kirusi cha Zika kwa kutumia panya vilevile. Wachanga wale wakaugua na kufa, na kirusi kikapatikana.

Tafadhali liangalie neno "wachanga", kwa sababu jibu la swali lako la pili limejificha humo. Panya mzima mwenye kinga kamili ukimpa chikungunya hafi, na mara nyingi huonyesha dalili chache sana. Sababu yake kubwa ni intaferoni, kemikali ambayo seli iliyovamiwa na kirusi huitoa ili kuzionya jirani zake zifunge milango. Kwa panya mzima onyo hilo husambaa upesi mno hata kirusi hakipati nafasi ya kuenea. Watafiti walipotengeneza panya wazima wasioweza kulisikia onyo la intaferoni, kirusi kilekile kiliwaua. Kwa maneno mengine, ili panya augue sana kutokana na ugonjwa wa Newala, sharti awe mtoto wa siku chache au umvunjie kwanza mlango wa nyumba yake.

Iko njia ya kati, nayo ni kumdunga panya mzima kwenye unyayo. Mguu huvimba, na ukiuchunguza kwa hadubini unaona chembe zilizojaa kwenye kiungo, kama kwa mgonjwa wetu. Watafiti hujaribu dawa za maumivu ya viungo kwa njia hiyo, na hawafanyi makosa. Lakini uvimbe wa panya huisha baada ya wiki mbili hivi, na mtu wa Newala unajua mwenyewe.

Nina ombi dogo, Mwalimu. Ukipata nafasi muulize bibi yako maumivu ya viungo yalidumu kwa muda gani kwa watu wa nyumbani kwao. Wagonjwa wengi hupona mapema, lakini wapo wanaoendelea kuteseka kwa miezi, hata miaka, na sehemu hiyo ya ugonjwa ndiyo ambayo panya anashindwa kutuonyesha vizuri.

#6 Mpenda Habari, Kilwa Masoko

Mnaandika vizuri, lakini mnampamba panya kupita kiasi. Nakumbuka mwaka 2006 redioni walitangaza habari za vijana wa London waliojitolea kujaribiwa dawa iliyokwisha kupita kwa wanyama, na vichwa vyao vikavimba kama maboga. Kama panya ni mwalimu mzuri hivyo, vijana wale waliponzwa na nani?

#7 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Mkuu wa Kilwa, tukio hilo ndilo hasa lililonifanya nielemee upande ninaoelemea, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Dawa hiyo iliitwa TGN1412. Ilikuwa kingamwili iliyotengenezwa ili kuziamsha seli T kwa kubonyeza kipokezi kiitwacho CD28. Kwa panya wa maabara, dawa za aina hiyo zilifanya jambo zuri sana: ziliziamsha zaidi zile seli T zinazotuliza kinga, kwa hiyo ikatarajiwa kwamba ingewasaidia watu ambao kinga zao zinashambulia viungo vyao wenyewe. Ikajaribiwa kwa nyani na hakuna aliyedhurika, jambo ambalo linamjibu pia mkuu wa Nachingwea kuhusu nyani. Tarehe 13 Machi 2006 vijana sita wakapewa kiasi kidogo mara 500 kuliko kile ambacho nyani walikivumilia. Haikupita saa mbili kabla hawajaanza kuumwa kichwa na mgongo, kutapika na kushuka shinikizo la damu, kisha mapafu na figo zikaanza kushindwa kazi. Seli zao za T zilikuwa zimemwaga saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga huitana nazo, zote kwa mkupuo, kama kengele za hatari za mji mzima zilizogongwa kwa wakati mmoja. Wote sita walinusurika, ingawa mmoja alipoteza vidole.

Baadaye ilifahamika kwamba nyani wale, katika seli zao za T zenye uzoefu wa kupigana, hawana kile kipokezi cha CD28 ambacho sisi tunacho. Hiyo ni tofauti ya kuzaliwa. Kwa panya kisa ni kingine: panya wa maabara karibu hana kabisa seli T zenye uzoefu, kwa sababu hajawahi kuugua. Amezaliwa katika sanduku lililochemshwa, amelishwa chakula kilichochemshwa, amevuta hewa iliyochujwa, na aliyemshika alivaa glavu. Hajaonja minyoo, hajaonja mafua. (Hata baridi wanamwekea ya kwao: vyumba vya nyuzi 20 hadi 22, ilhali mwili wa panya hustarehe kwenye nyuzi 30 hivi, yaani hali ya hewa ya Mtwara mchana.)

Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota waliichukua hoja hii wakaipima. Walilinganisha seli za kinga za panya wa maabara na za binadamu, wakaona kwamba panya mzima wa maabara anafanana na mtoto wa binadamu aliyezaliwa leo. Kisha wakachukua panya wa kawaida wanaouzwa madukani kama wanyama wa kufugwa, waliokwisha kuambukizwa hiki na kile, wakawaweka sanduku moja na wale wa maabara. Baadhi ya wale wasafi walikufa kwa maradhi ya wageni wao. Waliobaki hai walibadilika, na seli zao zikaanza kufanana na za mtu mzima. Jeni hazikuguswa hata moja. Kilichobadilika ni jirani tu.

Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani wakaenda mbali zaidi. Walichukua mimba changa za panya wa C57BL/6 wakazipandikiza katika matumbo ya panya mwitu, ili watoto wazaliwe na jeni za maabara lakini wapokee vijidudu vya mama wa porini. Walipowapa watoto hao dawa ya jamii ya ile ya London, seli za kutuliza hazikuongezeka, na badala yake damu ikajaa saitokini za kuwasha moto. Panya mwenye maisha halisi angewaonya vijana wale sita.

#8 Muuguzi Mstaafu, Masasi

Mwanangu Fundi, nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi na umenifurahisha, lakini naona unalivuta jambo upande mmoja mno. Nimefanya kazi wodi ya kifua kikuu kwa miaka mingi. Panya wa kawaida wa maabara ukimwambukiza kifua kikuu hapati lile tundu kwenye pafu ambalo sisi tunaliona kwenye picha, lenye nyama iliyooza katikati kama jibini, na kumtoa panya huyo kwenye sanduku lake safi hakutabadilisha jambo hilo. Mtoto wangu anayesomea udaktari alinieleza kwamba binadamu ana molekuli za CD1 za aina kadhaa zinazoshika mafuta ya ganda la bakteria huyo na kuyaonyesha kwa seli T, ilhali panya amebakiwa na aina ya d peke yake, na kwamba protini ya granulisini, ambayo seli zetu huitumia kumtoboa bakteria, panya hana jeni yake. Huwezi kumfundisha mtu kupiga ngoma ambayo nyumbani kwao haipo.

#9 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Shikamoo mama. Nimekubali, na ninakiri kwamba nilipoandika kuhusu London nilichangamka kupita kiasi. Kifua kikuu ni mfano mzuri wa mahali ambapo jeni zenyewe zinatutenganisha, na IL-8 niliyoitaja mwanzo ni mfano mwingine. Niongeze tu kwamba upo ukoo mmoja wa panya, C3HeB/FeJ, ambao hupata vidonda vilivyooza katikati vinavyokaribia vya binadamu, kwa hiyo hata kwenye kifua kikuu haitoshi kusema "panya". Inabidi kuuliza panya yupi.

Wataalamu wenyewe hawajaelewana. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Marekani lililinganisha jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa kwa watu walioungua moto, walioumia vibaya au waliopewa sumu ya bakteria, na kwa panya waliofanyiwa hayo hayo, wakatangaza kwamba uhusiano ni kama haupo. Mwaka uliofuata watafiti wawili wa Japani walizichukua takwimu zilezile, wakachagua kuangalia zile jeni zilizobadilika kwa pande zote mbili, wakatangaza kwamba panya anamwiga binadamu vizuri sana. Takwimu ni zilezile na majibu yamepeana mgongo. Mimi naona wa kwanza waliuliza kama mambo yote ya mtu yako kwa panya, na wa pili wakauliza kama yapo yanayolingana, na kila mmoja alipata jibu la swali lake.

Hata hivyo, mama, kuhusu maisha sijarudi nyuma kabisa, na ushahidi wangu safari hii ni binadamu wenyewe. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig aliwakinga panya dhidi ya malaria kwa kuwapa vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Vilikuwa vimelea vya Plasmodium berghei, vya panya wa msituni wa Katanga, Kongo, kwa kuwa vya kwetu vya falciparum havimpati panya wa kawaida. Wazo hilo lilifaulu kwa watu pia, na miaka mingi baadaye chanjo ya vimelea vya falciparum vilivyodhoofishwa kwa mionzi ikajaribiwa Bagamoyo. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba Watanzania watu wazima, walioishi na malaria tangu utotoni, walitengeneza kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa chanjo hiyo hiyo. Binadamu kwa binadamu, chanjo moja, na kinga zikaitikia tofauti kwa sababu ya yale ambayo miili imepitia. Kama Mmarekani hawezi kujibu kwa niaba ya mtu wa Bagamoyo, panya wa sandukuni atajibuje?

#10 Mkulima wa Korosho, Nachingwea

Nimeelewa. Sasa, mkuu, yule tabibu wa sauti ya dakika nne tumuulize nini?

#11 Fundi Hadubini, Mtwara Mjini

Nilimtumia ujumbe jana jioni, kwa adabu, nikamuuliza mambo manne: panya hao walikuwa wa ukoo gani na umri gani, walikuwa wakiugua nini, na waliupata wenyewe au waliambukizwa maabara, dawa ilitolewa kabla ya ugonjwa au baada, na wenzao ambao hawakupewa majani walikuwa na hali gani. Swali la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu nimewaelezeni kwamba panya mzima aliyepewa chikungunya hupona bila majani yoyote.

Ameusoma ujumbe, tiki mbili za buluu ninaziona. Kisha akaniuliza kama nataka chupa ndogo au kubwa.

#12 Mwalimu wa Baiolojia, Newala

Fundi, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kijijini kumuuliza bibi ulivyoniomba. Yeye mwenyewe aliugua siku chache tu na kunyanyuka. Mama yake ndiye aliyeumia. Anasema vifundo vya mikono vilivimba, akawa hawezi kushika mchi wala kukaza kamba ya mtungi, na magoti yakagoma kuteremka genge. Nilimuuliza ilikuwa ni kwa wiki ngapi. Akanitazama kama mtu niliyeuliza jambo la kitoto, akasema hakuhesabu wiki. Anachokumbuka ni kwamba yeye na dada yake ndio walioteremka bondeni kuchota maji kiangazi chote, mvua zikanyesha, mahindi yakavunwa, na kiangazi kilichofuata bado ni wao waliokuwa wakiteremka.